Wajibu wa asiye na hatia: wanafunzi wa Fungurume na swali la tabianchi

Klabu ya mazingira shuleni ni kikundi cha hiari cha wanafunzi, kwa kawaida chini ya mwalimu mlezi mmoja, kinachokutana baada ya masomo ili kujifunza habari za mazingira na kuzifikisha kwa wengine. Kazi zake zinafanana kutoka Mombasa hadi Matadi: kupanda miti, kuzoa taka, kuigiza mchezo mbele ya wazazi, kubeba mabango tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Mahali pengi kikundi cha namna hiyo hakizui swali lolote la falsafa. Fungurume kinazua. Mji huu uko mkoani Lualaba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye eneo la utawala la Lubudi, kwenye barabara itokayo Likasi kwenda Kolwezi, na milima inayouzunguka imebeba mojawapo ya akiba kubwa kabisa za shaba na kobalti duniani. Kobalti hiyo huingia katika betri za magari ya umeme, na magari hayo ni tegemeo la nchi tajiri katika kupunguza hewa ukaa. Mwanafunzi wa hapa anapotakiwa kuwaamsha wenzake kuhusu mabadiliko ya tabianchi, anatakiwa kuzungumzia ugonjwa ambao haukuanzia kwao na dawa inayochimbwa kwao. Mtu asiye na hatia katika madhara fulani ana wajibu gani kuhusu madhara hayo? Na kumwelimisha mtu huyo ni kumfundisha nini hasa?

Wazo la klabu lenyewe ni la zamani kuliko hofu ya tabianchi. Nchini Kenya klabu za wanyamapori za wanafunzi zilianzishwa mwaka 1968. Dar es Salaam, mwaka 1991, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana na Jane Goodall, na mkutano huo ukazaa Roots & Shoots, mtandao ulioenea baadaye katika nchi nyingi. Vikundi hivyo vya mwanzo vilikuwa na vitu vya kutazama kwa macho: tembo, sokwe, msitu unaokatwa. Tabianchi haionekani hivyo, na iliingia shuleni kwa mlango wa sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, unazitaka nchi katika kifungu cha 6 zielimishe umma, na Mkataba wa Paris wa 2015 ukarudia agizo hilo katika kifungu cha 12.

Agizo hilo limebeba dhana ambayo haitajwi: kwamba anayechafua huchafua kwa kutojua, na akishajua atapunguza. Kwa mkazi wa Houston au Brussels dhana hiyo ina mantiki, ingawa miaka zaidi ya 30 ya kuelimishwa haijathibitisha kwamba inatimia. Mmarekani mmoja, kwa wastani, husababisha karibu tani 14 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Wastani wa dunia uko kati ya tani 4 na 5. Mkongomani hafikishi hata sehemu ya kumi ya tani moja. Kumwambia huyu wa mwisho azime taa ni kumdhihaki, maana katika nchi yake aliye na umeme ni takriban mtu mmoja kati ya watano.

Lualaba ina ushahidi wa jambo hilo unaopita hewani. Laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika mwaka 1982 ili kuleta nguvu za mto Kongo kwenye migodi ya Katanga, jimbo la zamani ambalo Lualaba ilikuwa sehemu yake. Njia nzima inapita juu ya vijiji visivyo na taa. Wahandisi wana maelezo yao, kwamba umeme wa aina iliyochaguliwa hausimamishwi njiani kirahisi ili kugawiwa vijiji. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini aina hiyo ya umeme haikujichagua yenyewe.

Falsafa ya maadili hutenganisha mambo mawili ambayo mabango huyachanganya. La kwanza ni hatia: nani alitenda, kwa kiasi gani, na alipe nini. La pili ni wajibu unaotazama mbele: nani, kwa mahali alipo, anaweza kufanya jambo ili madhara yasiendelee. Iris Marion Young, mwanafalsafa wa Marekani, aliijenga juu ya tofauti hiyo hoja ya kitabu chake kuhusu wajibu na haki, kilichochapishwa mwaka 2011 baada ya kifo chake. Mfano wake ni mnunuzi wa nguo zinazoshonwa katika viwanda vya manyanyaso. Mnunuzi hana hatia ya kufikishwa mahakamani, ila biashara imemuunganisha na mshonaji, na muunganiko huo una madai juu yake. Young aliongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi: anayedhulumiwa naye ana sehemu katika wajibu huo, kwa kuwa ndiye anayeijua dhuluma kwa ndani, na wengine hawawezi kuirekebisha ipasavyo bila yeye kusema.

Upande wa hatia hauna utata mkubwa. Mkataba wa 1992 wenyewe unakiri kwamba majukumu ya nchi ni ya pamoja lakini hayalingani. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, aliandika juu ya deni la kiikolojia ambalo Kaskazini inadaiwa na Kusini, na alipofika Kinshasa mwishoni mwa Januari 2023 alisema waziwazi kwamba Afrika isifanywe mgodi wa kukombwa. Katika mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, Novemba 2022, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko wa kufidia hasara na uharibifu. Katika hesabu hiyo klabu ya Fungurume haina dhambi ya kuungama. Mwalimu anayewafundisha watoto wa hapa nyimbo za kujilaumu kwa joto la dunia anawafundisha uongo, hata kama nia yake ni njema.

Wanaharakati wengi wakifika hapo hunyamaza, na wananyamaza mapema mno. Hesabu ya mafuta na makaa ya mawe haijumuishi misitu. Kongo hupoteza karibu nusu milioni ya hekta za msitu wa asili kila mwaka, hasara inayoiweka miongoni mwa nchi za mbele kabisa duniani kwa uharibifu huo, na hewa ukaa inayotokana nao ni nyingi mno kuliko ile ya magari na viwanda vyake vyote. Chanzo kikubwa ni mashamba ya kuhamahama pamoja na kuni na makala, yaani mkaa. Katanga haina msitu mzito wa ikweta. Ina miombo, misitu ya wazi inayopukutisha majani wakati wa kiangazi, na miombo hiyo ndiyo inayopika bukari (ugali) ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Tanuri la udongo hutumia kilo 5 hadi 10 za mti kupata kilo 1 ya makala. Magunia yake yamepangwa kandokando ya barabara, na kila mwaka wachomaji husogea mbali zaidi na mji kutafuta miti.

Je, mchoma makala ana hatia? Immanuel Kant aliona kwamba amri ya kimaadili haina maana pasipo uwezo wa kuitimiza. Mama wa Fungurume anayepikia makala hana jiko la umeme alilolikataa. Mchomaji mwenyewe mara nyingi ni mkulima ambaye shamba lake liko ndani ya eneo la kibali cha uchimbaji, au kijana ambaye hakupata kazi mgodini. Hata hivyo, kutokuwa na hatia mbele ya dunia hakumfutii mtu wajibu mbele ya jirani. Miombo ikiisha, wanaokosa uyoga, viwavi, asali na dawa ni watu wa kijiji kilekile, na chemchemi inayokauka ni ya kijiji hicho. Wajibu wa kutunza msitu una msingi wa kutosha hapohapo, bila kutaja barafu ya ncha za dunia hata mara moja. Klabu nyingi hukosea kwa kuanza na barafu.

Ujuzi unaohitajika katika jambo hili ni mdogo na unafundishika. Miti mingi ya miombo huchipua upya kutoka kwenye visiki, na msitu uliokatwa unaweza kujirudishia mwenyewe sehemu kubwa ya uzito wake katika miongo michache iwapo moto wa mwisho wa kiangazi utazuiwa. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, hauunguzi sana. Moto wa Septemba na Oktoba huua machipukizi. Tarehe 5 Desemba, Siku ya Mti nchini Kongo, shule hupanda miche, na mara nyingi miche hiyo ni mikaratusi au miakasia. Ni kazi nzuri inayopigwa picha nzuri. Kulinda visiki vya hekta moja dhidi ya moto hakupigwi picha, lakini huenda kukaleta miti mingi zaidi.

Upo pia mzigo wa historia juu ya kazi ya pamoja. Tangu enzi za Rais Mobutu, neno salongo limemaanisha kazi ya umma inayofanywa kwa amri, na hadi leo hutumika kwa usafi wa Jumamosi. Anayeamrishwa kufagia hufagia mbele ya msimamizi. Klabu ya hiari ina thamani ya kimaadili ambayo salongo haina, kwa sababu inategemea sababu zinazotolewa na kukubaliwa. Ikigeuzwa kuwa salongo ya shule, yenye orodha ya mahudhurio na adhabu, thamani hiyo inapotea hata kama miche inakua.

Swali la vizazi vijavyo ni gumu zaidi, na hapa Lualaba ina urithi wa fikra ambao vitabu vya elimu ya mazingira havijaugusa. Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefika Katanga mwaka 1933, alichapisha mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, akidai kwamba kwa Wabantu kuwepo ni kuwa na nguvu ya uhai, na kwamba kila tendo huongeza au hupunguza nguvu hiyo kwa wengine: walio hai, mababu na watakaozaliwa. Katika miaka ya 1950, kwenye makambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière huko Kolwezi, mafundisho yake yakazaa Jamaa, vuguvugu la walei Wakatoliki lililojieleza kwa Kiswahili na kuenea katika ukanda wote wa shaba. Fikra zake kuu zilikuwa tatu: uzima, uzazi na mapendo. Wafanyakazi wa migodini na wake zao walizijadili usiku kucha, na aliyeingia Jamaa alihesabiwa kuwa amezaliwa na baba na mama wa kiroho.

Tempels amekosolewa sana, na kwa haki. Paulin Hountondji wa Benin alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kitabu kile kiliwasemea Waafrika na kuwafanya wote wawe na wazo moja, jambo ambalo hakuna falsafa ya kweli inayolikubali. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, alikiweka katika historia ndefu ya Afrika kubuniwa na wageni. Lakini Jamaa haikuwa kitabu cha mgeni. Ilikuwa mazungumzo ya wachimba shaba wenyewe, na uzazi kama walivyouelewa haukuishia kwenye kupata watoto wa damu. Ulikuwa kumpa mwingine uzima ambao naye ataupitisha. Kwa kipimo hicho, jambo linaloharibu uwezo wa wajao kuishi linagusa maana ya kuwa mtu, wala halisubiri kuthibitishwa na hesabu ya faida na hasara. Mwanafalsafa Hans Jonas alifikia hitimisho la jirani na hilo katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1979, kwa kumtazama mtoto mchanga kama kielelezo cha kila wajibu. Wachimbaji wa Kolwezi walikuwa wamezungumza kuhusu uzazi miaka 20 na zaidi kabla yake.

Kuna mwenye pingamizi, naye ni mwana wa Afrika Mashariki. John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza wakati wa Kiafrika: matukio hutoka sasa na kurudi katika zamani, na wakati ujao hauna urefu zaidi ya miezi michache au miaka miwili. Kama ndivyo, mwaka 2100 unaotajwa katika ripoti za tabianchi ni wakati usiokuwepo, na klabu inayoutaja inapiga kelele hewani. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu Mbiti kwamba lugha na methali za Waakan zimejaa mipango ya mbali. Jibu la Lualaba linaweza kuwa rahisi zaidi. Mtu anayepanda mwembe kaburini kwa babu yake hana haja ya kuwaza mwisho wa karne. Anawaza mtoto wa mtoto wake, na mtoto wa mtoto wa mwanafunzi wa leo atakuwa hai mwaka 2100. Nasaba hufika pale ambapo kalenda haifiki.

Sheria ya nchi, kwa namna yake, imekiri jambo hilohilo. Sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa mwaka 2018, na mrabaha unaolipwa na migodi sasa hugawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa madini kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kobalti ilitangazwa mwishoni mwa 2018 kuwa madini ya kimkakati, na mrabaha wake ukapanda hadi asilimia 10. Kwa hiyo mtoto ambaye hajazaliwa Fungurume ana fungu lake katika kila tani inayouzwa. Haki hiyo ina mwenyewe asiyeweza kuidai, na mwenye haki asiyeweza kudai huhitaji mwakilishi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira salama na papo hapo kinampa wajibu wa kuyatetea. Wanafunzi wanaouliza kwa adabu, mbele ya wakubwa wa mji, fungu la asilimia 10 linakwendaje, wamefanya elimu ya tabianchi kamili kuliko wanaoimba kuhusu tabaka la ozoni, ambalo kwa kweli ni jambo lingine.

Dini ndiyo lugha ambayo mkazi wa kawaida wa Fungurume hutumia kuyawaza haya yote. Ukatoliki una mizizi mirefu. Wamethodisti wana chuo kikuu chao Mulungwishi, upande wa Likasi. Makanisa ya uamsho yamejaa mitaani. Mafundisho ya uwakili yanajulikana vizuri: katika sura ya pili ya Mwanzo, binadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza. Waislamu, ambao hapa ni wachache, wana fundisho la amana katika sura ya Al-Ahzab, ambamo mbingu, ardhi na milima zilipewa amana zikakataa kuibeba, binadamu akaichukua. Katika mji ambao milima inasagwa kila siku, aya hiyo ina uzito wa pekee.

Vikwazo viwili hutoka ndani ya dini yenyewe. Kimoja ni kusema kwamba mvua ni ya Mungu, basi kuijadili ni kukosa imani. Kingine ni kusema kwamba ukame na mafuriko ni dalili za siku za mwisho, basi kuyazuia ni kushindana na unabii. Katanga inaujua mvuto wa fikra hiyo tangu kale: Kitawala, vuguvugu la kidini lililoingia kutoka Rhodesia ya Kaskazini katika miaka ya 1920, liliwatangazia wafanyakazi wa migodi mwisho wa ulimwengu wa wakoloni. Lakini mkulima anayeamini kwamba mvua ni ya Mungu bado huchagua siku ya kupanda, na anayengoja mwisho bado hupeleka mtoto kliniki. Imani haijawahi kuwazuia watu kutenda kuhusu jambo ambalo sababu zake wanazijua. Kwa hiyo mchungaji na mwalimu wa klabu hawana ugomvi juu ya Mungu. Wanatofautiana juu ya kama sababu zinajulikana, na hilo ni swali la sayansi.

Kobalti inaleta swali ambalo dini na sheria hazijalijibu. Kongo huzalisha zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, na mgodi wa Tenke Fungurume ni miongoni mwa migodi mikubwa zaidi ya madini hayo. Ulianza uzalishaji mwaka 2009 chini ya Freeport-McMoRan ya Marekani, ukanunuliwa mwaka 2016 na kampuni ya China ijulikanayo sasa kama CMOC, ambayo ina asilimia 80, nayo Gécamines ya serikali ina 20. Eneo la kibali linazidi kilomita za mraba 1,500. Kila uchimbaji wa namna hii, awe nani mwenye mgodi, huhamisha watu na makaburi, hutumia tindikali ya salfuri na chokaa, na hutimua vumbi barabarani. Hoja inayotolewa kuutetea ni ya kimaadili: dunia inahitaji betri ili ipone, basi mahali pachache pakubali kuumia. Kant angejibu kwamba binadamu hafai kutumiwa kama chombo tu, hata kwa kusudi jema. Wanaopima maadili kwa jumla ya faida wangejibu kwamba wachache wakiumia kidogo na wengi wakapona sana, mizani imeridhika.

Lakini hata kwa mizani hiyo hoja ina ufa. Anayesema kuumia ni kwa lazima anatakiwa aonyeshe ulazima. Betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti kabisa, tayari zimeenea katika magari ya China. Bei ya kobalti iliporomoka kwa wingi wa bidhaa, hadi Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha mauzo ya nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya mgao. Kumbe dunia inaweza kupona kwa njia nyingine, na kinacholetwa na mgodi Fungurume si wokovu wa sayari bali biashara, nzuri au mbaya kulingana na masharti yake. Hili linawafungua wanafunzi kutoka katika mtego wa kuombwa wavumilie vumbi kwa ajili ya binadamu wote. Linawapa pia hofu mpya: kobalti ikiachwa, mashimo yatabaki na mrabaha utakwisha.

Milima hiyo imebeba kitu kingine kisicho na bei. Udongo wenye shaba nyingi huua mimea ya kawaida, na juu yake imeota mimea iliyozoea sumu hiyo, mingine isiyopatikana popote duniani nje ya vilima vya Katanga. Haumaniastrum katangense, ua dogo la jamii ya mrehani, liliwaonyesha watafuta madini mahali pa kuchimba. Wataalamu wa Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wamefanya kazi ya kuikusanya na kuihamisha mimea hiyo kabla ya vilima kuchimbwa. Kama mmea una haki ya kuwepo bila kumfaa mtu, basi hapa pana jambo lisilofidiwa kwa fedha yoyote. Wenye kuamini uumbaji wana njia fupi ya kulikubali. Wengine wanahitaji hoja ndefu, na hoja hiyo bado haijakamilika mahali popote.

Linabaki suala la ukweli, ambalo katika elimu ya tabianchi huonekana dogo na ndilo kubwa. Katanga hununua unga mwingi wa mahindi kutoka Zambia. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, baada ya mahindi kukauka mashambani, na bukari ikawa ghali upande wa Kongo. Klabu yoyote ingeona somo limejileta lenyewe. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochunguza ukame huo, walikuta kwamba chanzo kikuu kilikuwa El Niño, mzunguko wa asili wa joto la bahari ya Pasifiki, na kwamba mchango wa mabadiliko ya tabianchi haukuonekana kuwa mkubwa. Mwanafunzi aliyekwisha kubandika bango la kuyalaumu mataifa tajiri kwa bei ya unga anapaswa kulibandua. Akiliacha, siku atakapodai jambo la kweli hataaminiwa.

Mwaka uliotangulia, Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua zaidi ya watu 400 huko Kalehe, Kivu Kusini, katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Kundi lilelile lilijaribu kupima kama tabianchi iliyobadilika ilihusika, likashindwa kutoa jibu. Sababu haikuwa ugumu wa hesabu. Vipimo vya mvua vya eneo hilo vilikuwa vichache mno. Waliokufa Kalehe, kwa hiyo, hawawezi kuingia katika madai yoyote ya hasara na uharibifu kwa uthibitisho ule unaotolewa kwa mafuriko ya Ujerumani au moto wa Australia. Dhuluma ya kwanza ni madhara yenyewe. Ya pili ni kukosa njia ya kuyathibitisha, na hii ya pili haitajwi sana kwenye mikutano mikubwa.

Hapo ndipo wajibu wa asiye na hatia unapopata umbo lake Fungurume. Ni wajibu wa shahidi, na shahidi hupimwa kwa usahihi wa maneno yake kuliko kwa sauti yake. Mvua za kwanza zilianguka lini mwaka huu, milimita ngapi, na mwaka jana je. Chemchemi ipi ilikauka mwezi gani. Visiki vingapi vilichipua. Vumbi lililotua juu ya majani ya mihogo lilitoka barabarani au angani. Vumbi na tindikali vina mwenyewe wa karibu, na visichanganywe na joto la dunia lenye wenyewe wengi walio mbali. Wazee wa Wasanga, wenyeji wa eneo hili, wanaokumbuka majira ya zamani ni mashahidi pia, na kumbukumbu zao zikiandikwa zikiwa na majina ya mito na miaka inayotajika, zinaweza kulinganishwa na vipimo.

Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki iliyonyooka, iliyokatwa shingo na kugeuzwa faneli, na rula ya shule. Husomwa kila asubuhi saa ileile, mahali pasipo na mti wala paa juu yake, na namba huandikwa daftarini, hata siku ambayo namba ni sifuri. Shirika la Hali ya Hewa Duniani huhesabu tabianchi ya mahali kwa wastani wa miaka 30. Mwanafunzi wa Fungurume atakayeanza kuandika akiwa na miaka 12 atakuwa na miaka 42 wastani wa kwanza utakapokamilika, na klabu ya shule humaliza wanachama wake baada ya miaka michache. Daftari hilo litafika tu kama kila darasa litalipokea kutoka kwa darasa lililotangulia.